Gugu maji limeziba mwalo wenu? Mwongozo kamili wa kupambana nalo hatua kwa hatua

Wakuu habari za kazi. Kila upepo ukigeuka naona picha zile zile kwenye magrupu ya wasapu ya huku Kanda ya Ziwa, mwalo umefunikwa kijani kitupu, mitumbwi haitoki, kina mama wa dagaa wamekaa na ndoo tupu, kesho yake watu wote wanaitwa waingie majini na mapanga, wanavuna siku nzima mpaka mikono inachubuka, na baada ya wiki kama sita mwalo umeziba tena. Inaniuma sana hii kitu kwa sababu nguvu ya watu inatumika kweli ila haina mpangilio, wakati gugu maji ni adui anayejulikana kisayansi kuanzia mbegu mpaka ua, na ziwa hili hili lilishawahi kulirudisha nyuma vibaya sana.

Historia kwa kifupi ili tuende pamoja. Gugu hili asili yake ni bonde la Amazon huko Amerika ya Kusini, likaletwa Afrika kama ua la urembo, huku kwetu likaingia kwa njia ya Mto Kagera mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia 1998 lilikuwa limefunika hekta karibu 20,000 za Ziwa Victoria, bandari zinakwama, vyanzo vya maji vinaziba. Nchi tatu zikaungana chini ya LVEMP, mradi wa kusimamia mazingira ya Ziwa Victoria ulioanza 1997, wakaachia wadudu wanaokula gugu, mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997/98 yakasaidia kulivuruga, na ndani ya miaka michache sehemu kubwa ikazama. Halafu likarudi, kwa sababu mbegu zilikuwa bado ziko kwenye tope, Kagera iliendelea kushusha mengine, na sisi tuliendelea kumwaga uchafu ziwani.

Kitu kikubwa ninachotaka mshike kwenye andiko hili ni hiki: kuvuna kwa mikono na kutumia wadudu ni kazi mbili zinazogombana kama mtazifanya sehemu moja. Mdudu anaishi ndani ya gugu, ukivuna gugu umevuna na mdudu. Kwa iyo mwalo unatakiwa ugawanywe, hapa tunavuna, pale hatugusi kabisa. BMU nyingi (vile vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mwalo) hazigawi, zinang'oa kila kinachofikika, na ndo maana hazifiki mbali.

HATUA YA KWANZA: hakikisheni ni gugu gani

Usicheke, hii ndo hatua inayorukwa zaidi. Gugu maji lenyewe lina majani mazito yanayong'aa, shina la jani limevimba kama puto lenye sifongo ndani, mizizi myeusi ya manyoya inaning'inia majini, na ua la zambarau lenye doa la njano kwenye petali ya juu. Hilo ndo wadudu wetu wanalila.

Lakini mwanzoni mwa 2025 pale Kigongo–Busisi mkoani Mwanza liliingia jingine, salvinia, likatesa vivuko na abiria kipindi kile kabla daraja halijafunguliwa. Salvinia ni ndogo, haina ua, majani yake yanakaa mawili mawili juu ya maji na yana vinywele vya kusimama vinavyofukuza maji, ukimwagia tone linateleza. Haizai kwa mbegu, inazaa kwa kukatika, kipande kidogo tu kinakuwa mmea mpya, kwa iyo ukiingia nayo kwa panga unaipanda. Wadudu wa gugu maji hawaigusi kabisa, ina mdudu wake mwingine tofauti anaitwa Cyrtobagous salviniae. Mkiiona, pigeni picha ya karibu, chukueni sampuli kwenye chupa, pelekeni kwa afisa mazingira wa halmashauri au ofisi ya kanda ya NEMC, baraza la mazingira la taifa, pale Mwanza mjini siku hiyo hiyo, na mzuie mitumbwi isipite katikati yake maana inabeba vipande kupeleka mialo mingine.

Na matete na mafunjo yaacheni jamani. Hayo ni ya kwetu, sato anazalia humo, na yanachuja uchafu unaotoka nchi kavu. Nimeona watu kwenye kampeni wanafyeka kila cha kijani, hiyo ni kumsaidia adui.

HATUA YA PILI: pimeni kabla hamjagusa

Bila vipimo mtabishana tu. Tengenezeni fremu ya mita 1 kwa mita 1, bomba za PVC au fito tu zinatosha. Nendeni na mtumbwi sehemu kama tano tofauti za tandazo la gugu, wekeni fremu juu, toeni gugu lote lililo ndani, liache lichuruzike maji dakika kadhaa, halafu pimeni kwa mzani ule ule wa kuning'iniza wanaotumia wanunuzi wa sangara. Mkiwa pale hesabuni mimea, pimeni urefu wa jani refu kwa rula, angalieni na makovu ya wadudu kwenye majani (nitaeleza mbele). Andikeni kwenye daftari na tarehe.

Eneo mnalipima kwa simu, programu yoyote ya ramani inayorekodi njia, mtu mmoja anatembea ufukweni mwingine anazunguka na mtumbwi kwa nje. Kama mna kijana anayejua kompyuta kuna picha za satelaiti za Sentinel-2, ni za bure, zinapatikana kila baada ya siku 5 hivi na kila kijidoti kimoja ni mita 10, siku isiyo na mawingu gugu linaonekana wazi kabisa.

Sasa hesabu. Tandazo zito linaweza kuwa na kilo 40 mpaka 50 kila mita moja ya mraba. Chukua 40. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, maana yake tani 400. Toroli la kubeba kilo 50 ni safari 8,000. Kwa hekta moja tu! Na kwa joto la huku na rutuba iliyomo majini gugu linaweza kujizidisha mara mbili ndani ya wiki moja mpaka mbili, kwa iyo hata mkifanikiwa kutoa sehemu tisa kati ya kumi, ile moja iliyobaki inakuwa mbili, nne, nane, na kabla miezi miwili haijaisha mko pale pale. Hii hesabu isomeni kwenye mkutano kwa sauti, ndo itakayowafanya watu wakubali kwamba hatuwezi kuvuna ghuba nzima.

Ila njia ya mitumbwi ya mita 10 kwa 100 ni mita za mraba 1,000, tani 40, toroli 800. Hiyo watu thelathini wanaimaliza kwa siku chache. Hapo ndo pa kuweka mikono.

HATUA YA TATU: gaweni mwalo na gaweni watu

Kaeni kikao, BMU, serikali ya kijiji au mtaa, wenye mitumbwi, kina mama wachuuzi, wenye vizimba vya samaki, mtu wa maji kama kuna chanzo cha maji karibu. Chora ramani ya mwalo kwenye karatasi kubwa. Eneo la kwanza ni la njia: njia ya mitumbwi, pa kuchota maji, pa kushushia samaki, mdomo wa bomba la maji. Hapa ni kuvuna na kutunza pawe peupe siku zote. Eneo la pili ni la wadudu: kona iliyotulia, isiyopigwa sana na mawimbi, ambako gugu linakaa kwa muda mrefu, na hapa hakuna mtu kuingia na reki hata mwenyekiti akiamuru. Wekeni nguzo na kitambaa chekundu. Kwingine kote ni kungoja, wadudu watafika wenyewe taratibu au upepo utahamisha.

Mtu wa kumpinga hapo atakuwepo, na ana haki, anaona gugu limeachwa wakati yeye anateseka. Mjibuni kwa daftari la vipimo.

Vibali visiwatishe lakini msiviruke. Afisa uvuvi wa kata na afisa mazingira ndo mlango wenu. Kuhusu wadudu ongeeni na mamlaka ya afya ya mimea TPHPA, na kituo cha utafiti wa kilimo TARI Ukiriguru pale Misungwi wako jirani, waulizeni, ni watafiti wa mazao na wadudu wanawajua. Kuhusu samaki na maji, taasisi ya utafiti wa uvuvi TAFIRI wapo Mwanza. Kama mtaweka uzio wa maboya majini TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, wajue maana vyombo vinapita. Na dawa ya kuulia magugu hapana kabisa bila mamlaka husika, ziwa hili ndo kisima chetu, na hata hao wadudu mnaowafuga mtawanyang'anya chakula ghafla wafe wote.

HATUA YA NNE: kuvuna eneo la njia

Kazi ianze asubuhi kukishapambazuka vizuri, imalizike kabla ya saa nne au tano. Sababu ziko tatu. Usiku na alfajiri upepo kwa kawaida unatoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa iyo gugu linalegea kutoka ufukweni na linakokoteka kirahisi, mchana upepo unageuka kutoka ziwani na unawaletea jipya huku mnavuna. Pili vijidudu vya kichocho vinatoka kwa wingi kwenye konokono jua likishakuwa kali, kuelekea mchana. Tatu ni uchovu tu, jua la saa sita kwenye maji linamaliza mtu. Na nikisema kukishapambazuka namaanisha muone maji, kwa sababu viboko wanarudi majini alfajiri na mamba anapenda kulala chini ya gugu.

Kwa iyo mtu mmoja kazi yake iwe kuangalia tu, amesimama juu, ana filimbi, hashiki reki. Kabla ya kuingia gongeni maji kwa makasia, nyoka nao wamo humo. Kila anayeingia avae buti ndefu au zile suruali za mpira, glavu, na aliye kwenye mtumbwi avae jaketi okozi. Watoto hapana. Wajawazito hapana. Halafu pangeni na kituo cha afya waliokuwa majini wapimwe kichocho na wapewe prazikwanteli, ukanda wote wa Mwanza una kichocho cha tumbo na gugu maji ni nyumba nzuri ya konokono wanaokieneza.

Namna ya kuvuna yenyewe: msing'oe mmea mmoja mmoja, mtachoka bure. Katieni tandazo vipande kama kitanda kwa panga refu, zungushieni kipande kamba au wavu chakavu, mtumbwi uvute mpaka ufukweni, na timu ya nchi kavu iwe na reki na uma za kuinulia. Anzeni upande wa nje wa njia mkija ndani kama upepo unasukuma kuja kwenu, maana mkianzia ndani mnachofungua kinajaa nyuma yenu. Vipande vidogo vinavyobaki vikielea ndo wabaya, mwekeni mtu na chandarua kizee au tenga apite nyuma kuokota.

Malipo: kama halmashauri au mfadhili ametoa hela, msilipane kwa kilo. Ukilipa kwa kilo mtu anatamani gugu lijae. Lipeni kwa eneo kubaki peupe, kikundi fulani kina mita zake mia za njia, wiki ikiisha zikiwa safi kinalipwa. Nalisisitiza hili kwa moyo wote, linabadilisha kabisa watu wanavyofanya kazi.

Uzio wa kulinda njia. Kamba ya manila ya milimita 12 hivi, madumu matupu ya lita 20 yaliyofungwa vifuniko kila baada ya mita mbili, chini yake wavu chakavu wa kama nusu mita kwenda chini ukiwa na mawe madogo, nanga za mawe au mifuko ya mchanga kila mwisho. Tandazo likisukumwa na upepo lina nguvu ya ajabu, linaweza kung'oa nguzo, kwa iyo mwisho mmoja fungeni fundo la kufunguka haraka, likizidiwa mnaliachia. Msinyooshe uzio kukabili upepo uso kwa uso, uwekeni mshazari ili gugu liteleze kwenda pembeni, ikiwezekana liteleze kwenda kwenye eneo la wadudu. Wekeni vitambaa vyeupe na taa usiku, watu wa dagaa wanatoka gizani.

HATUA YA TANO: mzigo uliovunwa

Msiuache ukingoni. Ziwa hili linapanda, 2020 na tena 2024 lilipanda mpaka likaingia majumbani, na wimbi moja tu linarudisha kila kitu majini, mbegu pia. Upelekeni juu, mbali na mita 60 zile ambazo sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli, mahali ambapo maji ya mvua hayatashuka nayo moja kwa moja.

Zaidi ya asilimia 90 ya gugu ni maji, tani 40 zikikauka mnabaki na tani chache tu, kwa iyo mtu akiwaambia kuna utajiri wa ajabu humo pigeni hesabu kwanza. Mboji inalipa kidogo na ni rahisi. Liacheni linyauke juani siku kadhaa, likatekate, pangeni tabaka za gugu, samadi ya ng'ombe na majani makavu au mabua ya mahindi, lundo lifike kimo cha kifua, funikeni, geuzeni kila wiki au mbili. Katikati inatakiwa ipate moto wa nyuzi 55 na kuendelea, ukichomeka chuma ukaacha dakika kumi ukitoa hushikiki vizuri, moto huo ndo unaua mbegu. Kama lundo halipati moto msiuze hiyo mboji kwa mtu mwenye bustani ya bondeni, mtampandia gugu. Kulisha mifugo mimi siungi mkono kwa mialo iliyo karibu na mji au sehemu zenye uchimbaji wa dhahabu, gugu linanyonya metali nzito kwenye maji ikiwemo zebaki, na ng'ombe tunamla sisi.

HATUA YA SITA: jeshi la mbawakavu

Hapa nakaa kidogo maana ndo moyo wa kazi.

Wako wawili, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, wote mbawakavu wadogo wa milimita 4 mpaka 5, wana mdomo mrefu kama fukusi wa viazi. Wa kwanza ana rangi ya kijivu na kahawia yenye madoa, wa pili mgongoni ana mkanda mpana wa rangi ya udongo. Usiku wanakwaruza ngozi ya majani na kuacha makovu madogo ya milimita chache, mchana wanajificha katikati ya mmea kwenye jani changa lililojikunja. Makovu yenyewe yanakausha jani, lakini anayeua kweli ni funza. Jike anataga ndani ya tishu, baada ya wiki moja na kitu yai linapasuka, funza mweupe asiye na miguu anachimba handaki ndani ya shina la jani kushuka mpaka moyo wa mmea, maji yanaingia humo, unaoza, unazama. Akishiba anashuka kwenye mizizi, anajitengenezea kijumba cha mviringo chini ya maji, anageuka mbawakavu. Mzunguko mzima ni kama miezi mitatu.

Swali la kwanza la wazee wakati wa mkutano huwa ni kwamba hawa wakimaliza gugu si watakula mahindi yetu? Hawali. Kabla ya kuletwa walijaribiwa kwa mimea mingi sana nchi mbalimbali, na funza wake hawezi kukua mpaka awe mbawakavu kwenye mahindi, mpunga wala mihogo. Wamo ziwani toka miaka ya 1990, zaidi ya miaka 20, wakulima wa Magu na Ukerewe hawajawahi kuvamiwa nao.

Na kwa sababu wamo tayari, mara nyingi hamna haja ya kuagiza, mnatakiwa kuwakusanya walipo wengi na kuwaongeza walipo wachache. Tafuteni tandazo kuukuu lenye majani yaliyojaa makovu. Ng'oeni mimea mweke kwenye pipa, tumbukizeni chini ya maji kwa kuikandamiza na wavu wa waya wenye matundu, baada ya muda mbawakavu wanaanza kupanda juu kutafuta hewa, mnawaokota. Au usiku na tochi. Wabebeni kwenye chombo chenye matundu madogo, majani mabichi ndani, kivulini, wasikae kwenye jua hata kidogo, na mwe mmeshaongea na wataalam niliowataja kuhusu kuwahamisha. Kagueni msije mkabeba na kipande cha salvinia.

Kuwafuga. Mabeseni makubwa, simtanki lililokatwa katikati, au shimo lililotandikwa turubai la plastiki, maji ya ziwa kina cha nusu mita kushuka hapo, yawekwe sehemu yenye jua. Ongezeni samadi kidogo iliyoloweka kwenye gunia kama mfuko wa chai, gugu lenye afya na kijani ndo linalotoa wadudu wengi. Jazeni gugu safi changa lisilo na makovu. Wekeni mbawakavu, wacheni wiki mbili mpaka tatu watage, kisha wahamisheni beseni jingine lenye gugu jipya, na la kwanza liacheni likue. Baada ya kama miezi mitatu beseni la kwanza linaanza kutoa kizazi kipya. Maji yasikauke hata siku moja na mizizi msiioshe wala kuikata, watoto wako pale kwenye mizizi. Funikeni kwa chandarua ili kuku na vyura wasile, na ili mbu wasizalie humo mkaleta malaria kijijini. Vijana wa shule ya sekondari wenye somo la bayolojia wanaiweza kazi hii vizuri sana, wapeni beseni zao na daftari lao.

Kuachia: jioni, eneo la wadudu, ndani kidogo ya tandazo sio pembezoni. Msiwatawanye kidogo kidogo kila mahali, wawekeni mamia kadhaa sehemu moja wapate kukutana na kuzaana, mzunguko unaofuata mnaongeza pale pale. Njia nzuri ni kupeleka mimea mizima ya beseni pamoja na mizizi yake, maana inabeba mayai, funza na wale wa mizizini kwa pamoja.

Halafu subira, na hapa ndo watu wanakata tamaa. Miezi ya mwanzo hamtaona kitu. Kwenye ziwa hili kazi ya wadudu ilichukua kama miaka mitatu kuonekana kwa ukubwa wake, wataalam huwa wanatazamia wastani wa mbawakavu watano kwa mmea mmoja ndo tandazo lianze kuelemewa. Dalili za mwanzo ni majani kuwa mafupi, maua kupungua, mmea kukaa chini sana majini, kingo za majani kuwa kahawia. Tandazo likifika hapo msilivune! Wenyeviti wengi wanaona gugu limedhoofika wanasema haya sasa tumalizie, wanatoa jeshi lote nje likafie juani.

HATUA YA SABA: kata chakula chake

Gugu linakula naitrojeni na fosforasi, na wanaolilisha ni sisi. Angalieni Mto Mirongo unavyopita katikati ya jiji na kumwaga ziwani, ule ni mgahawa wa gugu wazi saa 24. Wadudu pia wanazidiwa sehemu yenye rutuba kupita kiasi, mmea unaota majani haraka kuliko wanavyoyala. Kwa mwalo wenu anzeni na vyoo, viwe mbali na maji na visifurike mvua ya masika. Utumbo wa samaki ufukiwe au uingie kwenye lundo la mboji, usirudishwe majini. Sehemu ya kufulia na kuoshea magari na bodaboda ihamie juu, povu lisishuke ziwani. Wenye bustani ukingoni warudi nyuma ya mita 60 na pale mbele matete yaachwe yaote. Haya yanahitaji BMU iwe na ubavu wa kutoza faini kwa ndugu yake mwenyewe, najua ni ngumu, lakini hakuna mdudu wala reki itakayofidia choo kinachovuja ziwani kila siku.

HATUA YA NANE: daftari na maamuzi

Kila baada ya miezi mitatu rudieni ile fremu, sehemu zile zile. Andikeni mimea kwa mita ya mraba, kilo, urefu wa jani, na kwenye mimea ishirini hesabuni makovu kwenye jani changa lililokwisha kufunguka pamoja na mbawakavu mnaowakuta. Mbawakavu chini ya mmoja kwa mmea, ongezeni kutoka kwenye mabeseni. Makovu yanaongezeka na urefu unashuka, msiguse. Kilo zinapanda na majani ni ya kijani kibichi marefu wakati wadudu wapo, tafuteni uchafu mpya umetoka wapi. Tumeni nakala kwa afisa mazingira na kwa mialo jirani, maana gugu la Kayenze kesho liko Igombe, na mwalo mmoja ukipigana peke yake upepo unaufuta.

Wenye vizimba muwe macho tandazo kubwa linapoanza kuzama. Likioza chini linamaliza hewa ya oksijeni kwenye maji, samaki wanapanda juu kuhema alfajiri, kwa iyo mkiona limeanza kuwa kahawia karibu na vizimba vyenu visogezeni kwenye maji mengi yanayotembea mapema, msisubiri wa kwanza waelee.

Na likishazama, mwanga unafika chini kwenye tope, zile mbegu za zamani zinazoweza kukaa hai miaka 15 na zaidi zinaanza kuota pembezoni. Hapo ndo mikono inahitajika tena, kina mama na vijana wapite ufukweni kila wiki kung'oa vimea vikiwa bado saizi ya kiganja, kazi ya nusu saa tu. Mabeseni ya wadudu msiyamwage, acheni hata mawili yakiwa na gugu na mbawakavu wake, mvua zikishusha jipya kutoka Kagera mnakuwa na wa kuanzia.